Laptopu Nyepesi ya Taipu

Benchi letu liko Wandegeya, karibu na chuo kikuu, nyuma ya maduka ya kuchapisha, pale Jalia anapouza kahawa ya tangawizi. Siku hizi hatucheki sana. Leo Oyugi, tunayemwita Taipu kwa sababu amewachapia wanafunzi kazi zao miaka nenda rudi, alikuja na laptopu mpya kwapani. Kompyuta yake kubwa ameiacha kwa mwenye duka kama dhamana. Akiirudisha hii kabla duka halijafungwa jioni, anapewa yake. Akichelewa, basi wamebadilishana. Nilimwonea huruma hata kabla hajakaa, maana mtu aliyeridhika na kitu haji kutuuliza sisi.

Wa kwanza kuishika alikuwa Taban, dereva mstaafu wa lori tunayemwita Komanda. Aliipandisha na kuishusha kiganjani.

— Hii kitu ni nyepesi sana. Wametoa kitu huko ndani.

— Wametoa nini? Taipu aliuliza.

— Ningejua si ningekuwa nakiuza.

Wamalwa, anayeuza vipuri vya bodaboda na ndiyo maana anaitwa Spea, aliigonga kwa kidole kama mtu anayenunua fenesi.

— Hakuna kilichotolewa, ssebo. Ubongo wake hauko hapa, uko ng'ambo. Hii ni mlango tu. Siku bando ikiisha, mlango umefungwa.

— Na huko ng'ambo wanasoma ninachochapa?

— Wanasoma kila kitu. Hata vidole vikichoka wanajua.

— Sasa nimeelewa kwa nini ni ya bei rahisi, Komanda alisema. Hawauzi kompyuta hao. Wanakununua wewe, Taipu.

— Mimi na uzee huu, wakishaninunua wanipeleke wapi?

Jalia aliweka birika chini.

— Banange, acheni kumtisha. Imewaka tangu asubuhi bila kuchomekwa. Ile yako, kaka, umeme ukienda unalala juu ya kibodi. Chapa tuone.

Taipu aliiweka magotini, akafumba macho, akachapa. Tulipoinama kusoma tukakuta anamshukuru Mungu, anawashukuru wazazi, anamshukuru msimamizi wake. Ni yale maneno ya mwanzo wa vitabu vya wanafunzi, vidole vilishayazoea. Hakuna herufi iliyoruka. Akatabasamu, nami nikafurahi naye.

— Ni nzuri, alisema. Hii nitawafuata nayo wanafunzi mpaka hosteli. Ile kubwa ilinifunga chumbani, na chumba chenyewe mwenye nyumba anakitaka.

Wakati huo Akwero, mwanafunzi wa hosteli ya jirani, alikuwa amekuja kununua kahawa. Aliitazama laptopu akatikisa kichwa kwa kukubali.

— Ni kama yangu, mzee. Chumbani kwetu kila mmoja anayo. Inakaa na chaji, na haiumizi mgongo.

— Mmesikia? Jalia alisema.

— Sasa hiyo, mzee, utamchapia nani?

Msichana aliuliza bila ubaya wowote. Komanda alianza kutafuta viatu vyake chini ya benchi. Spea alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Akwero alichukua kahawa yake akaenda. Baadaye Jalia alisema duka linakaribia kufungwa. Taipu alijibu kwamba anajua, akabaki amekaa na laptopu magotini; kubwa au nyepesi, hakuna tena wa kumchapia.