Gonga Kwanza, Kisha Useme Amina

Bandugu zangu, musiogope hii nyundo. Sikuileta juu ya kupiga mutu. Na wenye ngoma, mupumuzike kidogo, maana mambo yenye nitasema leo haiko ya kupigia makofi. Iko ya kutema mate.

Wengi munanijua. Niko fundi wa kunyoosha bati za motokari, garaji yangu iko pale barabara inateremka kwenda kwa bac, ile kivuko ya mutoni. Wasionijua wasikie: ndani ya hii kanisa nilikuwa shemasi. Njo miye nilikuwa nabeba chupa ya mafuta wakati mutu analeta motokari ibarikiwe.

Bon. Nilinunua pikap moja ya zamani, nyeupe. Nia yangu ilikuwa safi, nawaambia kweli: niitengeneze, niiuzishe, nisonge mbele na bibi yangu na batoto. Mwenye kuniuzisha aliapa kwa kaburi ya mama yake, na nilimuamini. Siku niliinua ile pikap juu ya magogo, nikaingia chini, nikashika longeron, zile chuma mbili ndefu zenye kubeba motokari yote. Kidole yangu ikaingia ndani. Kidole, bandugu. Chuma ilikuwa laini kama kwanga, ule mukate ya muhogo.

Hapo mutu wa Mungu angekata ile kuoza na kutia chuma ingine. Miye hasira ilinishika. Nikajiambia, walinidanganya, sasa juu ya nini nife peke yangu? Musikie vile nilifanya, na mwenye roho nyepesi atoke nje kidogo. Ndani ya longeron, na ndani ya bati ya ubavu ya nyuma yenye kuoza pia, niliingiza makartoni, gunia ya zamani na sabuni. Juu yake nikapaka mastic, ile dawa ya kuziba matundu ya bati, nikasugua, nikapiga rangi nyeusi. Boîte ya vitesse, sanduku ya gia, ilikuwa inalia vibaya. Nikaponda makemba, zile ndizi kubwa, ya kuiva pamoja na unga ya mbao, nikasindilia ndani, ikanyamaza. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kula. Na nilikula vizuri. Mpaka leo nikikumbuka ile sahani ninajisikia kinyaa.

Mwenye kununua alikuwa mama moja wa hii kanisa. Sitamutaja, na musianze kugeuka kumutafuta. Iko mujane, anauzisha mafuta ya mawese na makemba anazochukua ngambo ya muto, kule Lubunga, kwa njia ya Ubundu. Batu walimushauri alete fundi mwingine aangalie. Alikataa. Alisema fundi mwingine ya nini, shemasi njo ametengeneza.

Dimanche, siku ya ibada, akaileta hapa nje. Munajua desturi yetu: pasta anaomba, na siye wote tunaweka mukono juu ya motokari. Nilipaka mafuta kwa milango, nilipaka kwa kapo, kifuniko ya injini, pasta akaniambia nimalizie maombi. Nikaomba na sauti kubwa, donc, sauti ya mutu mutakatifu. Nilisema Bwana awe chini ya hii motokari, na mimi nilijua chini yake kuko nini. Mama moja muzee wa koro, kundi yetu ya waimbaji, alikuwa anapigapiga bati na kiganja, vile bamama wanafanya wakati maombi inapanda. Mbele ilikuwa inalia ngaa, ngaa. Alipofika ubavu ya nyuma, ikalia pu. Aliniangalia. Nikafunga macho, nikasema amina.

Tangu ile siku chakula yote ilikuwa na harufu ya mastic. Pondu, samaki, hata maji. Bibi yangu aliniuliza kama niko mugonjwa, nikasema ni malaria. Kila asubuhi ile pikap ilikuwa inapita mbele ya garaji kwenda kwa bac, na kila asubuhi nilikuwa nageuka kuangalia ukuta.

Kisha samedi moja koro ilikuwa na safari ya kuvuka, kwenda kuimba kule Lubunga. Pikap ikasimama mbele ya garaji yangu ichukue watu. Bamama walijaa nyuma, na masufuria, na ngoma. Nilijua ile mteremko, na nilijua kama longeron ikikatika pale, wataishia mutoni. Ule mama muzee wa koro akanyoosha mukono.

"Papa shemasi, nivute nipande."

Nilishika mukono yake. Ilikuwa ile ile iliyopiga bati. Nilishindwa kumuvuta, na nilishindwa kumuachilia.

"Mama, rudi nyuma," nikamwambia. "Na nyinyi wote mushuke."

Walifikiri ni muchezo. Nikachukua hii nyundo, nikalala chini, nikagonga. Mara ya tatu nyundo ikazama mpaka kwa mupini. Mastic ilianguka, ikafuata kartoni, ikafuata gunia yenye kuoza, na sabuni imegeuka uji. Wengine wenu mulikuwa pale. Yule mama mujane mwenye pikap alishuka mbele, akainama, akaangalia ule uchafu, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Na ile amina uliitoa wapi?"

Ushemasi uliniisha siku ile ile, na ilikuwa haki. Kartie yote, mutaa muzima, wakaniita Papa Mastic. Hakuna mutu aliniletea hata mulango ya kunyoosha. Nikaanza kunywa lotoko, ile pombe kali, asubuhi, pale pale ndani ya garaji, mpaka bibi yangu akabeba batoto akaenda kwao. Njia ya mwongo iko fupi, walisema bazee, na miye niliifika mwisho yake.

Mwenye kunitoa mule ni yule mujane, mwenye nilikaribia kuua. Hakunipeleka polisi. Alisukumisha pikap mpaka garaji, akaketi juu ya bidon ya mafuta, akasema nifungue yote mbele ya macho yake. Akatafuta na tonton moja, muzee wa Lubunga, fundi ya zamani wa chemin de fer, ile reli, alikuwa anavuka na pirogue, mutumbwi, kila siku na vyombo vyake. Ule muzee hakunihurumia. Nilipotaka kuacha kipande alisema kuoza haiachiwe mbegu, kata. Tulikata yote, tukatia chuma mupya. Boîte niliifungua na mikono yangu: makemba imechacha ndani ya mafuta, nyeusi, harufu ya mutu amekufa. Nilitapika, mama akaniletea maji, nikaendelea. Mpaka leo makemba ya kuiva siwezi kuila.

Aksanti, mama. Aksanti, tonton, kwa chuma na kwa ukali. Aksanti, bibi yangu, maana ulirudi.

Bandugu, nawaambia: kuficha kuoza na maombi ni uchafu kupita kuficha na mastic. Hii nyundo naiacha hapa kwa mulango. Mutu akileta motokari, muanze na nyundo kwanza, chupa ya mafuta baadaye, hata kama mwenye kuitengeneza ni pasta.

Pikap iko nje. Koro inavuka nayo leo, na mama ameniomba niweke mukono tena. Tangu ile dimanche sijasema amina, hata kwa chakula. Mutoke mugonge wenyewe, mbele, nyuma, chini. Kama pahali pote inalia ngaa, museme amina. Miye nitasema mwisho.