Kibuyu cha Mafuta Nilichokimwaga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa vinywa, na leo naomba asifiwe kwa mikono pia, kwa maana nimesimama mbele yenu kushuhudia habari za mikono yangu hii miwili. Itazameni. Haina glavu. Wengi wenu mnanifahamu kama Mama Ruthi, mwalimu wa kushona katika shule ya wasichana, na mnakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa sikuingia katika nyumba hii ya ibada bila glavu nyeupe. Wengine mlidhani ni ustaarabu. Ndugu zangu, haukuwa ustaarabu. Ilikuwa aibu iliyovishwa nguo nzuri.

Nililelewa misheni, nikapelekwa chuo cha ualimu wakati ambapo wasichana waliofika huko walihesabika kwa vidole. Nilifundishwa mengi mema, nami namshukuru Mungu kwa kila somo. Lakini kuna somo moja ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha; nilijifundisha mwenyewe. Nilijiambia kwamba kila kilichotoka jikoni kwa mama zetu ni giza, na kila kilichoandikwa katika daftari langu la buluu la chuoni ni nuru. Nilikuwa nimeokoka, naam! Niliimba, nilishuhudia, nilitubu hasira na uvivu. Kiburi sikukitubu, kwa sababu nilikuwa nakiita elimu.

Baba Ruthi, mume wangu, ni fundi wa reli, na tunakaa landhi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kama wengi wenu. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alimleta mama yake kutoka magharibi aje kuishi nasi. Alishuka kwenye gari la moshi akiwa na mkeka, kuku mmoja, na kibuyu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Mimi na mama huyu hatukuzaliwa katika lugha moja. Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja letu, na daraja hilo mimi nililipita nikiwa nimeinua pua.

Ndani ya kibuyu mlikuwa na mafuta ya mbarika. Alikuwa amezikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha na kuyaengua mafuta juu ya maji, kazi ya juma zima, ili ampake mjukuu wake. Siku ya tatu nilirudi kutoka shuleni nikiwa na wasichana watatu wa darasa langu waliokuja kuchukua vitambaa, nikamkuta Ruthi amekaa mlangoni anang'aa kama sufuria mpya, ananukia mafuta yale. Wasichana wakatazamana. Mmoja akaziba pua.

Ndugu zangu, nilifanya nini? Nilikichukua kile kibuyu, nikakimwaga na kukitupa mtaroni mbele ya wasichana wale, nikawaambia, "Haya ndiyo mambo tuliyoyaacha." Nilisema kwa sauti ya darasani.

Mama alisimama akatazama mafuta yake yakienda na maji machafu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, kila Jumapili munaimba habari ya kupakwa mafuta. Sasa ile yenyewe munamwaga kwa mtaro?"

Wasichana wakacheka, nami nikadhani wanamcheka yeye.

Kisha kikaja kiangazi. Hamhitaji kuelezwa kiangazi kile. Ziwa letu lilirudi nyuma mpaka likaacha uwanja mweupe wa magadi, na kila alasiri upepo ukaliinua vumbi lile na kulileta mjini. Lilipanda hata Milimani, likaingia nyumba za wakubwa bila kubisha hodi. Tulilila katika ugali, tukalikung'uta kutoka katika mashuka. Midomo ilipasuka, visigino vilipasuka. Lakini mikono yangu, sijui kwa nini, ilipasuka kuliko ya wote. Kwanza ngozi ilikuwa ya kijivu, kisha ikakaza kama ngozi ya ngoma, kisha ikachanika penye kila kiungo. Uzi ulinasa katika vidole vyangu. Nilipowaonyesha wasichana mshono wa msalaba, niliacha alama nyekundu juu ya kitambaa cheupe.

Nilikwenda dukani nikanunua krimu ya ng'ambo, kikopo chenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Siku mbili mikono ilikuwa laini, siku ya tatu ikawaka moto. Nilikwenda hospitali. Daktari aliitazama, akaibonyeza, akachoma vidole kwa sindano kuona kama nasikia, akasema, "Huu si ukoma, mama. Ni ukavu. Tafuta mafuta mazuri upake."

Lakini neno likishatajwa, hata kwa kukanushwa, lina miguu. Mtu mmoja kwenye foleni alikuwa amemsikia daktari. Kabla ya juma kwisha, landhi nzima ilijua kwamba mwalimu alipimwa ukoma, na hakuna aliyekumbuka jibu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mtu mpole, naye aliongea akitazama dirisha. "Wazazi wanalalamika, Mwalimu. Hawataki watoto wao washike kitambaa ulichokishika. Muhula ukiisha na mikono iko hivi, darasa la kushona nitampa mwingine." Miaka kumi na minne ya kazi, ndugu zangu! Nilivaa glavu siku ile ile.

Nilifungua daftari langu la buluu. Humo, kwa mwandiko wangu wa usichana, mlikuwa na maelezo ya kutengeneza losheni: mafuta ya zeituni, maji ya waridi, nta. Zeituni ningeitoa wapi? Nilitumia mafuta ya kupikia, nikapata nta kwa mwanamume mmoja anayeleta asali kutoka Bahati, na maji ya waridi nikayabadilisha kwa maji ya mfereji. Niliyeyusha nta katika mafuta, nikamimina maji, nikakoroga. Maji yalikwenda huku, mafuta yakaenda kule. Nikakoroga tena mpaka mkono ukavuja damu. Nta iliganda vipande vipande kama uji uliokosewa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. "Mwalimu, unapika nini?"

"Losheni, Mama."

"Hiyo ni mchuzi ya nani? Hata kuku yangu hawezi kula."

Nilimwaga. Mara tatu nilijaribu, mara tatu nikamwaga. Mara tatu yeye alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye neno, nami sikumwuliza neno lenyewe. Nilipendelea kupoteza kazi yangu kuliko kumwuliza! Tazameni jinsi kiburi kinavyoweza kumfunga mtu aliyesoma.

Sasa nawaombeni tukumbushane Jumapili moja. Katika ushirika wetu, mtu akiingia tunampa mkono, na mkono ule si salamu tu. Ni kusema, wewe ni ndugu yangu, sina neno nawe. Siku ile niliunyosha mkono wangu wenye glavu kwa dada mmoja niliyeshuhudia naye miaka mingi. Jina lake sitalitaja, naye yumo humu. Alitazama glavu, akauficha mkono wake ndani ya kanga, akasema, "Bwana asifiwe, dada," akapita. Nilibaki nimenyosha mkono hewani. Wimbo ulianza, mimi sikuweza kuimba.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni peke yangu. Sikuomba. Nilikuwa nimechoka kuomba, maana ombi langu lilikuwa moja tu: Bwana, niponye bila kunigusa. Ndipo Mama akaingia. Aliketi mbele yangu, akaushika mkono wangu wa kulia, akaanza kuivua glavu kidole kimoja kimoja. Penye kidole cha shahada kitambaa kilikuwa kimeshikana na kidonda. Akatema mate kidogo juu yake, kama mtu anayemsafisha mtoto, akakibandua polepole.

"Hii mikono inalia," akasema.

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyekuwa ameishika mikono ile kwa muda wa miezi miwili! Mume wangu aliogopa kuniumiza. Ruthi aliogopa glavu. Na sasa ilishikwa na mwanamke niliyemwaibisha mbele ya watoto. Pale pale Bwana alinionyesha kile kibuyu. Nilikiona wazi, jani la mgomba na yote. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikasema, "Mama, nilimwaga mafuta yako. Nilikudharau. Nimetubu kila kitu kwa Mungu isipokuwa hicho. Nisamehe."

Akacheka, kicheko cha tumboni. "Hiyo neno nimengoja tangu mahindi haijapandwa. Simama, utachafua nguo. Leta sufuria mbili, moja kubwa, moja ndogo."

Akatoka nyuma ya nyumba akarudi na kibuyu. Kile kile! Alikuwa amekiokota mtaroni siku ile, na mbegu chache alizofunga kwenye pindo la nguo akazipanda kando ya ua. Nami nilikuwa nimeupita mmea ule kila asubuhi nikidhani ni pambo. Mbarika ulikuwa umezaa, naye alikuwa amekamua mafuta mapya wakati mimi niko shuleni, akayaficha. Aliyaficha kwa ajili ya nani? "Ya wewe," akasema. "Ulifikiri ni ya kuku?"

Sikilizeni sasa, akina mama, maana hata hili ni sehemu ya ushuhuda. Aliweka sufuria ndogo ndani ya ile kubwa yenye maji ya moto, akamimina humo kikombe kimoja cha mafuta ya mbarika, akatia nta ya ukubwa wa yai la kuku mdogo, ikayeyuka pole pole bila kuungua. Katika chombo kingine alichemsha maji pamoja na majani ya leleshwa yanayonukia, akachuja nusu kikombe. Kisha akachukua kipande cha magadi kisichozidi harage moja, akakiyeyusha katika maji hayo.

Niliruka. "Mama, magadi? Si ndiyo hayo yaliyonipasua?"

"Ile ilikupasua ilikuja na upepo na kiburi," akasema. "Hii inakuja kidogo, na adabu. Maharagwe unaweka magadi ngapi? Ukizidisha ni sabuni, itakuchoma. Ukikosa, maji na mafuta watakataana."

Nilichukua maji niyamimine. Akanipiga kofi dogo mkononi. "Ngoja! Hapa ndipo ulikuwa unakosa. Ulileta maji na baridi kwa mafuta iko na moto. Nani atakubali mgeni namna hiyo?" Akachukua tone la mafuta akaliweka upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu, kisha tone la maji. "Iko sawa?" Bado. Tukangoja. "Iko sawa?" Sikuweza tena kutofautisha lipi ni lipi. "Sasa mimina, nyembamba kama uzi. Wewe si mwalimu wa uzi?"

Yeye alikoroga, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, mimi nikamimina. Na macho yangu yaliona! Maji hayakukimbia. Mafuta yalipoteza ukali wa rangi, yakawa mazito, yakawa meupe, kama maziwa mala. Tukaendelea kukoroga mpaka sufuria ikapoa, kisha akachovya kidole, akanipaka. Ngozi ilinyamaza. Sijui neno jingine. Ilikuwa imelia miezi miwili, ikanyamaza.

Daftari langu halikukosea. Nta ilikuwamo, mafuta yalikuwamo. Lakini nilipokuwa msichana sikuandika kwamba viwili vinavyokataana vitaungana vikiwa na joto moja, kwa kuwa sikuwa nimejua. Nilikuwa nimewaletea mafundisho yangu watu wengi, Mama akiwa wa kwanza, nikiwa baridi.

Baada ya juma moja mipasuko ilifunga midomo. Baada ya wiki tatu nilishika sindano, na uzi ukapita. Muhula ulipokaribia kwisha mwalimu mkuu aliingia darasani, akaninyoshea mkono wake mbele ya wasichana wote, akaushika wangu mtupu, akautikisa kwa nguvu mpaka kalamu ikamdondoka. Haleluya! Darasa la kushona ni langu hadi leo. Na siku iliyofuata niliwasimamisha wasichana wale watatu, nikawaambia kwamba niliwafundisha uongo kando ya mtaro ule. Kisha nikamwita mwalimu mpya wa somo la losheni, naye akaingia na sufuria zake mbili. Yule msichana aliyeziba pua aliulizwa na Mama, "Wewe, leo pua iko wapi?" Darasa zima lilicheka, naye akawa wa kwanza kunyosha mkono apakwe.

Najua atasimama mtu aseme, basi ni mafuta yaliyomponya, si Bwana. Ndugu yangu, mafuta yalikuwa nyuma ya nyumba yangu muda wote. Ni nani aliyenipigisha magoti ili niyapate?

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama, aliyekaa benchi la nyuma pale na kujifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Mama, simama wakuone! Hataki. Amesema mikono yangu sasa ni mizuri lakini ugali wangu bado.

Nawe uliyeketi humu, una kibuyu cha nani ulichokimwaga? Usiombe kuponywa bila kuguswa. Mtegemee Bwana, uende kwa mtu huyo leo, wala usiende na baridi. Na wewe, dada yangu uliyeuficha mkono wako ndani ya kanga siku ile, sina neno nawe. Mikono yangu ni hii. Njoo uishike.

Anakuja. Ndugu zangu, anakuja! Bwana asifiwe!