Aliyebaki Shambani

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na upande wa tofali hukaa yule anayejiona hatikisiki. Mchana ule alikuwa Rufaa, tarishi mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hajawahi kukubali hukumu ya yeyote, hata ya refa. Ubavuni mwake Kisigino, fundi viatu, misumari mdomoni. Kinyozi mwenyewe alisimama mlangoni na taulo begani, maana wateja hamna. Mbele yao lilichemka birika la kahawa, na nyuma ya birika alikaa mwenye nalo, ambaye wote walimwita Dada Birika. Siku hiyo alikuwa na Biblia mapajani, kidole kimebanwa katikati ya kurasa. Jioni ilikuwa zamu yake kuongoza somo kanisani, na kuna jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi.

– Jamani, nisaidieni. Luka kumi na tano. Kondoo kapotea, mchungaji kamfuata mpaka kampata. Shilingi imepotea, mama kawasha taa, kafagia nyumba nzima. Halafu kapotea kijana. Nani alimfuata?

– Baba yake, akadakia Kinyozi.

– Baba alimkimbilia akiwa tayari anarudi. Nauliza kabla ya hapo.

Kisigino akatema msumari kiganjani.

– Kondoo hana akili, shilingi haina miguu. Kijana ana vyote viwili. Nani amfuate tena?

– Miguu anayo, viatu hana! akasema Kinyozi. Si alipofika ndipo akavishwa? Na wewe ni fundi, hilo hukuliona?

– Ee bwana! Kumbe shida yote ilikuwa viatu. Mtu peku atatokaje nchi ya mbali?

Rufaa akanyanyua kikombe kuomba kimya.

– Mnasoma kama watoto. Hii ni kesi ya mirathi. Kijana alishachukua fungu lake, akaondoka. Ukimfuata, umefungua shauri upya. Baba alishauriwa na wakili wake atulie nyumbani.

– Wakili katokea wapi humo, mzee?

– Hakuandikwa. Wakili mzuri haandikwi.

– Basi mimi nawaambia siri, akasema Kinyozi akisogea. Wale nguruwe aliokuwa akiwachunga kijana walikuwa wa baba. Alimpa tajiri wa huko mtaji kimyakimya ili amwajiri mwanawe, amtazame kwa mbali.

– Watu wale wafuge nguruwe? Ni mwiko kwao! akasema Kisigino.

– Sasa ndiyo maana ikawa siri!

Wakacheka hadi benchi likalia. Dada Birika naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia midomoni. Wao walikuwa wanacheza na hadithi, na yeye hadithi hiyo alikuwa anakwenda kulala nayo nyumbani. Mdogo wake wa kiume aliondoka kwa hasira baada ya baba kumwambia neno lisilorudishika. Habari zake zilifika: anavunja kokoto machimboni, ng'ambo ya mto, mwendo wa basi moja tu. Na baba, kila chakula cha jioni kikiiva, husema, "Mwekeeni na yeye." Asubuhi Dada Birika hukila kile kiporo akiwa amesimama, kisha huja kuwasha makaa. Hicho hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni jioni anapoingia: mzee huinua kichwa haraka, macho yamewaka, halafu hukishusha. "Kumbe ni wewe."

Mwishoni mwa benchi kulikuwa na mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake kwa Kisigino.

– Samahanini, mimi napita tu. Huyo baba hakuwa na mtoto mwingine?

– Alikuwepo mkubwa, akajibu Rufaa. Yuko shambani.

– Yuko kazini! akasema Dada Birika, na sauti ikampanda. Tena kazi ya watu wawili! Kabaki, kauguza, kalima, na hakuna anayemtazama usoni. Mwenzake anachinjiwa ndama, yeye hata kambuzi!

Kisigino akaacha kugonga.

– Dada yangu, tuko kwa Luka au tuko kwenu?

Mgeni akamtazama Dada Birika kwa upole wa mtu asiyejua amegusa wapi.

– Nauliza tu, mama. Huyo mkubwa, kama alijua mdogo wake aliko, kitu gani kilimzuia kwenda?

Kinyozi akatazama taulo lake. Gari likapita, vumbi likatua.

Dada Birika akarudi kwenye ukurasa, mwanzo kabisa wa sura, pale ambapo siku zote alipita mbio kuwahi kondoo. Watu wananung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi. Ndipo anawasimulia. Kumbe msimuliaji mwenyewe alikuwa ameshatoka nyumbani kwenda kuwatafuta waliopotea. *Na mimi najiita mwanafunzi wake*, akawaza. *Jioni nitasimama mbele za watu niwafundishe nini?*

Akachukua koleo, akafukia makaa kwa majivu.

– Kahawa imekwisha.

– Imekwisha vipi, na birika linatoa mvuke? akauliza Kinyozi.

– Imekwisha, kaka. Niwekee hili ndani kwako. Na ukimwona mchungaji wetu, mwambie waanze somo bila mimi.

– Unakwenda wapi?

– Machimboni.

Rufaa alisogea, tofali likayumba chini yake. Alipouliza, hakuuliza kwa sauti ya mahakamani.

– Akikataa kurudi je, binti yangu?

Dada Birika alikuwa anajifunga kitenge. Fundo likafunguka, akalifunga tena.

– Sijui, mzee. Lakini atakataa akiwa amefuatwa.

Akavuka barabara.