Fundi Taratibu na Basi Ambalo Hakulikanyaga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi wa breki aliyejulikana kwa jina la Taratibu. Jina hilo alipewa na madereva waliochoka kumsubiri. Ametutoka Jumanne, saa saba mchana.

Kazi yake ilikuwa kubadilisha pedi za breki. Pedi ni vile vibamba vinavyobana sahani ya chuma gurudumuni mpaka gari lisimame. Alizifunga kwa miaka thelathini na moja, kwenye magari na hata kwenye winchi ya kuvutia magogo ya kiwanda cha mbao. Na alikuwa na desturi moja. Akishafunga pedi mpya, hampi mtu ufunguo. Anapanda mwenyewe, anakanyaga pedali ya breki, anahesabu kwa sauti, mpaka iwe ngumu. Maana pedi mpya zinakuwa bado hazijasogea kwenye chuma. Mguu wa kwanza unazama bure.

"Fundi, unahesabu au unasali?" madereva walimtania.

"Vyote viwili. Wewe tulia."

Jumanne hiyo alikuwa amefunga pedi za basi dogo la shule. Mara akashika kifua. Wenzake wakamkimbiza hospitali, mtaa wa pili. Mkewe akafika na povu la sabuni mikononi.

"Mama watoto, lile basi. Sijalikanyaga breki."

"Achana na basi, baba! Pumzika."

"Sijalikanyaga. Wanafunzi wanatoka saa saba. Nenda."

Mkewe akapiga simu gereji. Ikaita weee, kwa kelele za mashine hakuna aliyesikia. Mama huyu akasimama mlangoni. Mume huyu hapa, basi lile kule. Akamtazama mumewe machoni. Akaenda.

Kumbe fundi mwenzake aliona magurudumu yamefungwa, akampa dereva ufunguo. Mama alilikuta basi linanguruma, pua imeelekea mteremkoni. Akasimama mbele yake.

"Mama, nimechelewa!" dereva akafoka.

"Basi nigonge kwanza mimi. Kanyaga breki."

Dereva akakanyaga huku akicheka. Mguu ukazama mpaka sakafuni. Kicheko kikakatika.

"Tena," mama akasema. "Hesabu kwa sauti."

Walifika kumi na nne ndipo pedali ikawa ngumu.

Aliporudi wodini, mumewe alikuwa ameshafunikwa shuka hadi usoni.

"Nina hasira naye," ametuambia mama huyu. "Hata kufa, kazi kwanza, mimi baadaye. Lakini ningebaki, angekufa akinitazama vibaya. Kinachonisumbua ni kimoja. Sijui kama alijua kwamba nimewahi."

Hata sisi hatujui, mama. Pole sana. Poleni mabinti zake wawili, poleni mafundi wenzake.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mtu akikuharakisha, mkumbuke Taratibu. Kanyaga kwanza. Hesabu.

Jumanne ile watoto wote walifika nyumbani. Tumeambiwa walinung'unika njia nzima, kwamba basi limechelewa.