Pasipoti ya Ruhul

Sobira alipopaza sauti ndani ya feri ya asubuhi iendayo Malé, mji mkuu wa Maldivi, injini yenyewe iliona haya ikanywea. Jirani yake wa benchi, Waheedh mwenye mkahawa, alikuwa amemweleza, huku akitafuna popoo, kwamba mpishi wake Mbangladeshi anataka kwenda kumwona mama yake mgonjwa, naye kamnyima pasipoti mpaka Ramadhani ipite.

"Bwana we, hiyo ni biashara ya watu! Serikali imeshatunga sheria, anayemzuilia mtu pasipoti anafungwa jela."

"Biashara gani, bibi? Ruhul anakula sahani moja na wanangu. Pasipoti yake iko pamoja na zetu, kwenye kisanduku cha dhahabu za mke wangu. Namlea kama mwanangu."

"Na huyo mwanao wa kumzaa akitaka kusafiri, kisanduku nani anamfungulia?"

"Anafungua mwenyewe. Ufunguo anao."

Abiria wakaangua kicheko. Sobira hakucheka, maana alimwona mpishi mwenyewe, Ruhul, huko nyuma, juu ya gunia la vitunguu, akisikia kila neno.

"Serikali ikikusikiliza wewe," Waheedh alifoka, "itafunga nusu ya Malé!"

"Ifunge! Wafungwa wakizidi, wapewe kisiwa chao. Visiwa tumekosa?"

Feri ikagusa gati. Waheedh akainuka. "Ruhul, beba gunia, twende."

Ruhul akasimama, gunia akaliacha palepale.

"Tangulia, bosi. Kwanza mama huyu anionyeshe ofisi ya hiyo serikali iko wapi."