Utepe Uliofunga Mashine ya Mvuke

Mgeni rasmi, viongozi mlio chini ya turubai, na nyinyi wenzetu mlio juani,

Sisi Mabibi wa Benchi la Nje, ambao ndio tunaoleta wajukuu kutahiriwa katika zahanati hii, tunakukaribisha kwa furaha. Tulikukaribisha pia mwezi uliopita, na ule wa kabla yake, ukapata udhuru. Viti vilifutwa vumbi mara zote.

HISTORIA

Zamani hapa govi lilivutwa, likabanwa, likakatwa kwa kukisia. Utuwie radhi kwa kutaja, sisi tumeogesha wengi. Wengi walipona. Wasiopona vizuri sasa ni watu wazima na hawapendi kuulizwa.

MAFANIKIO

Tabibu wetu alikwenda kusomea njia salama zaidi. Anachoma sindano ya ganzi, anangoja ishike, anapasua kwanza upande wa juu mpaka aone kichwa kilipo, ndipo anazungusha mkasi. Kila mshipa unaovuja anaufunga. Mtoto anatoka akidai soda.

Tena tumeletewa mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vifaa. Inang'aa kweli. Tunaijua kwa kuichungulia dirishani.

CHANGAMOTO

Mashine imezungushiwa utepe mwekundu, haifunguki mpaka uje uizindue. Vifaa vinaendelea kuchemshwa jikoni kwenye sufuria iliyofunikwa kwa mfuniko wa sufuria nyingine. Mkaa ukipungua, yanakuwa maji ya kuogea.

Mmoja wetu alimwambia mtunza stoo, "Baba, fungua huo utepe, vifaa viive, kisha tuufunge tena. Fundo nitalirudisha vilevile."

"Bibi, mashine ikishatumika, mgeni atazindua nini?"

"Atamzindua mjukuu wangu, akiwa mzima."

"Utaniponza, bibi yangu."

Bibi huyo ndiye anayekusomea risala hii. Mjukuu wake mkubwa alitahiriwa kwa vifaa vya sufuria. Kidonda kikatunga usaha, akalala chali, shuka imeinuliwa kwa kigoda isimguse. Leo ni zamu ya mdogo wake. Yuko chumba cha pili, amejifunga kanga ya bibi yake, na amekataa kuifungua mpaka mashine ifunguliwe. Kaka yake kamsimulia yote.

MAOMBI

Ratiba inasema utakata utepe mwisho, baada ya hotuba, shukrani na picha. Tunaomba uanze nao. Mashine ikiwashwa hutaka muda mpaka vifaa viive na vipoe. Basi wewe uwe unahutubia huku, nayo ichemke kule. Ukirefusha maneno hatutanung'unika, tutapiga makofi, maana vifaa vitakuwa vinaiva.

Ombi la pili ni la mkasi. Tabibu ameomba mkasi mkali wa upasuaji mpaka amechoka. Kamati ya mapokezi imepata mkasi wa utepe kwa siku moja, mpya, na sinia lake. Tunaomba kamati hiyohiyo ipewe kazi ya kumtafutia na yeye.

Mungu akupe afya, akuzidishie wajukuu, na kila mmoja wao aangukie kwenye mikono inayoona inachokata.

Sinia hilo hapo kulia kwako, mgeni rasmi. Tumeshasimama kukusindikiza mpaka kwenye mashine.

Ni sisi,
Mabibi wa Benchi la Nje