Ukurasa wa 114 wa Mama Chumba Tisa

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, familia imempa binti mkubwa wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya mama yake, naye anaomba mumvumilie sauti ikimkatika, na anaomba pia kile kiti cha mbele chenye daftari, mtu asikikalie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chumba Tisa, alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1970, na baada ya kozi ya utunzaji wa nyaraka akaajiriwa tarehe 2 Januari 1973 katika ofisi ya usalama wa anga, ghorofa ya kwanza, chumba namba tisa, ambamo wakubwa wake hawakufanikiwa kumhamisha, na si kwamba hawakujaribu.

Kanuni za usalama wa ndege hazisemi kila kitu zenyewe, mara nyingi husema tu fanya kama ilivyoandikwa katika kijitabu fulani, na kijitabu chenyewe kinauzwa na waliokitunga, kwa bei ya kumfanya fundi acheke kwa uchungu, kwa hiyo ukawa na sheria unayolazimika kuifuata na huwezi kuisoma. Ndiyo sababu nakala moja ya kila kijitabu iliwekwa Chumba Tisa, asome yeyote, bure, mradi amenawa mikono na ameandika katika daftari jina, kijitabu, ukurasa, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na marehemu hakuwahi kufunga mlango kabla kila aliyeingia hajaandika saa ya kutoka.

Mumewe alimpata humohumo, kijana aliyekimbia mvua akajifanya anasoma habari za vizimamoto, kijitabu kimepinduliwa juu chini, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa binti huyu mwaka 1976 na mapacha wa kiume mwaka 1980, na hadi leo mapacha hao hawashiki karatasi bila kunawa.

Alhamisi, tarehe 18 Novemba 1999, saa tisa na dakika hamsini alasiri, dakika kumi kabla ya kufunga, aliingia fundi wa ndege kutoka kiwanja kidogo, akaandika jina lake, kijitabu namba 41, ukurasa wa 114, saa ya kuingia, na marehemu akamwambia, njoo kesho baba, leo nawahi, kwa sababu binti yake alikuwa anahitimu uuguzi jioni ile, na binti huyo ndiye anayewasomea. Kwa mara ya kwanza mlango ulifungwa na mstari mmoja haujakamilika. Asubuhi iliyofuata, saa moja, kabla chumba hakijafunguliwa, ndege ndogo ilianguka ng'ambo ya kiwanja, fundi yumo ndani pamoja na rubani, na uchunguzi ukasema ni boliti moja ya mkia.

Tangu wiki ile, kijitabu namba 41 alichokifungia kabatini jioni alikikuta mezani asubuhi, kimefunuliwa ukurasa wa 114, kiti kimesogezwa, na mahali pa kukalia pana joto. Msafishaji wa ghorofa aliyaona hayo mara tatu akaomba uhamisho, lakini marehemu alizoea kusema, umeamkaje fundi, kisha akaketi kazini. Mara nyingi alijaribu kumsomea ukurasa ule, hakuvuka neno la kwanza, akabaki analia tu.

Aliandika barua miaka ishirini na tatu, hata baada ya kustaafu tarehe 4 Machi 2012, akidai vijitabu vyote vifunguliwe kwa kila mtu popote alipo, pasiwe na mlango wa kufungwa wala mtu wa kuwahi nyumbani, na Januari 2023 vikawekwa kwenye mtandao, bure. Tulimpigia vigelegele, naye akasema tu kwamba fundi yule hana simu. Wallahi tulidhani ni utani, mpaka mtunza chumba mpya alipokuja nyumbani, uso umempauka, kuuliza ni nani anayefungua kabati.

Alianza kuugua figo mwezi Mei 2024, akalazwa wodi ya pili, kitanda cha dirishani, ambako wauguzi walilalamika kwamba kila wakipanga viti ukutani, kimoja wanakikuta ubavuni kwake, naye akafariki dunia Jumanne, tarehe 10 Septemba, saa tisa na dakika hamsini alasiri, akiwa na miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala sakafuni kwetu, na wafanyakazi wenzake mliotuazima daftari lile la mwaka 1999, na kalamu.

Limebaki agizo lake moja, na binti amenawa mikono. Kijitabu namba 41, ukurasa wa 114, unasema hivi: boliti ya bawaba ya mkia ikishafunguliwa hairudishwi, hata ikionekana nzima, itupwe, iwekwe mpya, na ndege isiruke mpaka fundi wa pili aikague.

Basi fundi, ukurasa wako umesomwa, mbele ya watu wote, na aliyewahiwa siku ile ndiye aliyekusomea, utusamehe, andika saa ya kutoka uende nyumbani. Na wewe mama, pumzika kwa amani, leo hakuna anayewahi popote, tutakaa hapa mpaka aandike.